Daftari la Maziko la Ngqandu na Wanawe

Nozuko Gcilishe alikuwa karani wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, na hakuna fomu ambayo serikali iliwahi kuizaa asiyoijua kwa jina. Kwa hiyo asubuhi ile alipoingia ofisi ya mazishi ya Ngqandu na Wanawe, akaona bango jipya ukutani limeandikwa TUNAHESHIMU FARAGHA YAKO, alijua papo hapo kwamba leo atapigwa danadana.

Haja yenyewe ilikuwa ndogo. Alitaka namba ya kaburi la baba yake.

Mzee Zanemvula Gcilishe alikufa Januari ile ya korona, wakati watu wa mji wa Ngcwazana walikuwa wanazikwa kama mtu anayekimbizana na mvua. Wafanyakazi wa Ngqandu walivaa nguo nyeupe mpaka machoni, ndugu wakaambiwa wakae nje ya uzio, na kabla hujamaliza kufuta machozi jeneza lilishafukiwa na gari limeondoka. Kila kaburi lilichomekwa kigingi cha mbao chenye namba. Majira ya baridi yalipofika, vigingi vyote vikageuka kuni. Na ukienda halmashauri kuuliza, leja ya wiki zile ina mstari mmoja tu: waulizwe wenye kampuni za mazishi.

Sasa ilikuwa mwaka wa tano. Jiwe la mzee lilikuwa tayari kwa mchongaji, limefunikwa gunia. Ukoo ulishakubaliana kwamba Jumamosi ya Pasaka ndiyo siku ya kulifunua, kaka yake Mncedisi alishakodi basi kutoka Cape Town, na bia ya tangawizi ilishapangiwa mapipa. Kilichokosekana ni kujua tu mzee mwenyewe yuko wapi. Miaka yote hiyo Nozuko alikuwa akipeleka maua na kuyaweka katikati ya matuta matatu ya makaburi kwenye safu ya mto, ili asimwudhi yeyote.

"MamBhele!" Lulamile Ngqandu alimpokea kwa jina la ukoo wake, mikono yote miwili. "Karibu, mama. Nani tena katutoka?"

Ngqandu alikuwa na sauti ya kufiwa. Aliitumia mahali pote, hata akiagiza kuku wa kukaanga. Alivaa suti nyeusi kuwe na joto au baridi, na kitambaa cheupe mfukoni cha kuwapa wafiwa, ambacho hakuna mfiwa aliyewahi kupewa. Kibao cha nje kilisema wana, lakini mwana alikuwa mmoja tu, Yonela, mwanamke wa miaka arobaini, naye ndiye aliyeosha maiti, akaendesha gari, akaandika madaftari na kupokea simu. Baba mtu alishughulika na heshima.

"Hajafa mtu, Tolo," Nozuko alisema, naye akimwita kwa ukoo. "Nataka namba ya kaburi la baba. Imo kwenye daftari lenu la maziko. Dakika moja tu nitakuwa nimeondoka."

Ngqandu akavuta pumzi, akafumba macho kidogo, kama mtu anayeombewa.

"Dakika moja. Ah, zamani ingekuwa dakika moja. Siku hizi kuna sheria ya faragha, mama. Taarifa za marehemu ni mali ya marehemu."

"Marehemu ni baba yangu."

"Ndiyo. Na mimi ni Afisa wa Taarifa wa kampuni hii, nimesajiliwa. Siwezi kutoa taarifa za mtu bila ridhaa yake. Inatakiwa atie sahihi mwenyewe."

"Nani atie sahihi?"

"Mwenye taarifa."

"Baba?"

"Sheria sikuitunga mimi."

Nozuko alimtazama aone kama anacheka. Hakucheka. "Tolo, si wewe mwenyewe uliyemfukia?"

"Hilo nalo," alisema Ngqandu kwa upole, "siwezi kulithibitisha wala kulikanusha."

Jamani! Sheria ile ilitungwa kulinda watu, na ni sheria nzuri, lakini tangu iingie Ngcwazana imekuwa blanketi la kila mvivu. Ukimwuliza muuza duka unga umefika lini, faragha. Fundi wa redio alikataa kumwambia mteja kama redio yake imepona. Na Ngqandu, ambaye zamani alikuwa akitangaza sokoni nani kafa kwa ugonjwa gani, sasa alikuwa bubu mwenye cheti.

Nozuko hakugombana. Karani hagombani siku ya kwanza. Alikwenda maktaba, akachapisha sheria yenyewe, akaisoma kwa siku mbili usiku. Akakuta kwamba sheria ya faragha inawahusu watu walio hai, wala haisemi neno juu ya waliokufa. Akakuta pia kwamba iko sheria nyingine, dada yake ile, inayomruhusu mtu kuomba kumbukumbu zilizoko hata kwenye kampuni binafsi, mradi aseme anazihitaji kwa ajili ya haki gani. Na fomu ipo. Alipoona fomu ipo, moyo wake ulitulia.

Aliijaza kwa wino mweusi, herufi kubwa. Palipoulizwa haki, aliandika: HAKI YA KUMWEKEA BABA YANGU JIWE JUU YAKE, SI JUU YA MTU MWINGINE.

Ngqandu aliipokea kwa vidole viwili. "Umeijaza vizuri," alisema, kama mtu aliyetukanwa. Akaigonga muhuri mara tatu, pale palipotakiwa na pale pasipotakiwa. "Siku thelathini."

"Jumamosi ya Pasaka ni siku thelathini na tisa kutoka leo."

"Basi tunazo tisa za akiba, mama."

Yonela, aliyekuwa mezani kwake nyuma na kalamu sikioni, aliinua kichwa kama anataka kusema jambo. Baba yake akakohoa. Akakiinamisha.

Siku thelathini za mtu anayengoja ni ndefu, wewe acha. Nozuko alikwenda kwa msimamizi wa makaburi kubembeleza. Msimamizi alikuwa mtu mwema lakini mgumu. "Namba, mama. Bila namba, jiwe halipiti geti hili hata kama ni la mfalme." Wakati anasema hivyo alikuwa ameegemea jiwe refu kuliko yote pale, lile la mama yake Ngqandu, Bi Nongenile, aliyekufa wiki ileile ya Januari. Graniti nyeusi ya kung'aa, picha ya bibi imechongwa na kofia yake ya kanisani, na taa nne za jua zinazowaka zenyewe jioni. Ngqandu alilipiga picha akalitia kwenye kalenda za kampuni, na chini yake maneno: Tunawazika wenu kama tulivyomzika wetu.

Nyumbani simu haikunyamaza. "Dada," alisema Mncedisi, "basi limeshakodiwa, mjomba Phakamile anakuja na oksijeni yake, mimi siwezi kumwambia arudi. Weka jiwe palepale karibukaribu. Mzee ataelewa."

"Karibukaribu na nini?"

"Karibu na alipo."

"Na wewe nikikuoza mke wa karibukaribu utaelewa?" Akamkatia simu, kisha akakaa jikoni akalia, kwa sababu alijua akishindwa ndivyo watakavyofanya. Watalifunua jiwe juu ya mgeni, watakula kande na nyama, watapanda basi. Na baba yake atabaki bila jina mpaka mwisho wa dunia, huku yeye binti anajua.

Siku ya thelathini barua ilikuja. Ombi limekataliwa, mwombaji hakuonyesha haki inayotambulika. Sahihi: L. Ngqandu, Afisa wa Taarifa. Muhuri mara nne.

Kesho yake, Ijumaa, Nozuko akaingia ofisini amevaa koti lake la mikutano ya wazazi. Wamama wawili walikuwa wameketi kwenye viti vya wageni, wanachagua jeneza kwenye albamu.

"MamBhele," alianza Ngqandu, "uamuzi ni wa mwisho na..."

"Sijaja kwa uamuzi. Nataka kuona mwongozo wenu. Kila kampuni inatakiwa iwe na mwongozo wa kumbukumbu zake, na mtu yeyote akiuomba aoneshwe. Mtu yeyote, Tolo. Hata mpita njia."

Wala Ngqandu hakushtuka. Alifurahi! Aliutoa kwenye kabati la kioo kama Biblia ya ukoo: umejalidiwa, herufi za dhahabu, kurasa arobaini, kila ukurasa umesainiwa kwa herufi za mwanzo za majina yake. Aliununua kwa kijana mmoja mjanja wa East London aliyepita mtaani akiuza miongozo nyumba kwa nyumba. Mtaa mzima ulinunua, kinyozi kwa dobi. Kijana yule alikuwa anabadilisha jina la kwenye jalada tu. Ngqandu hakuwahi kuufungua zaidi ya kutia sahihi.

"Usome taratibu," alisema. "Ni wa kitaalamu."

Nozuko akakaa katikati ya wale wamama wawili, akavaa miwani. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Kwenye ukurasa wa tisa akasimama. Akarudia. Akavua miwani akaifuta.

"Tolo, mnafuga?"

"Tunafuga nini?"

"Hapa pameandikwa, wageni wote wachovye viatu kwenye dawa kabla ya kuingia bandani."

Mama wa kushoto akafunga albamu ya majeneza.

"Na hapa, kampuni inatunza kumbukumbu za chakula, joto la taa, na idadi ya mayai kwa siku." Nozuko alisoma kwa sauti ileile ya kusomea majina ya watoto gwaride. "Mayai, Tolo."

"Makosa ya uchapaji," alisema Ngqandu.

"Mayai ni makosa ya uchapaji?" aliuliza mama wa kulia, na mwenzake akaziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa, mabega yanatikisika. Walikuwa na msiba, lakini kuna mambo hayavumiliki.

"Nisubirini, kuna hili." Nozuko akasogeza kidole. "Kumbukumbu zilizo wazi kwa mtu yeyote, saa za kazi, bila fomu wala ada wala kutoa sababu. Ya kwanza: daftari la vifo vya kila siku." Akainua macho. "Hiyo ni kwa ajili ya wakaguzi wa kuku, bila shaka. Lakini jina lililoko juu ni Ngqandu na Wanawe. Na hii hapa chini, L.N., sahihi ya nani?"

"MamBhele, tuwe waungwana. Mwongozo ule ni wa... ni wa mfano."

"Umeusaini kurasa arobaini."

"Sikuusoma!"

"Basi nichagulie. Ama unifungulie daftari la vifo sasa hivi, saa za kazi hizi. Ama niwaandikie wanaosimamia sheria hii kule Johannesburg, niambatishe ukurasa wa mayai, wakuulize wewe ni mzishi au mfuga kuku."

Ngqandu akatafuta sauti yake ya kufiwa, asiione. Aliyejibu ni kiti cha Yonela, kilichosukumwa nyuma kwa kishindo. Yonela alikwenda kwenye kabati la chuma, akatoa daftari kubwa jeusi, akalileta mwenyewe.

"Yonela!"

"Acha, baba. Umesaini."

Akalifungua Januari ile bila kutafuta. Mwandiko ulikuwa wake, mzuri, umesimama wima. Siku ile walizika saba, na hakuna hata mmoja aliyempa mstari wa haraka. Nozuko alifuata kidole cha yule mwanamke mwenzake, akasoma kwa sauti.

Zanemvula Gcilishe. Miaka sabini na nane. Safu ya mto, kaburi 212. Saa nne na robo. Nje ya uzio: binti, mmoja. Aliimba mpaka mwisho.

Nozuko alikuwa amedhani kwamba siku ile hakuna kiumbe aliyemwona. Alikuwa ameshika waya wa uzio kwa mikono miwili, barakoa imelowa, ameimba beti zote nne za wimbo alioupenda mzee, bila wa kumwitikia, na gari lilikuwa limeshawasha injini. Miaka mitano alidhani ule wimbo uliishia hewani. Kumbe mtu aliuandika.

"Nilikuwa garini," Yonela alisema taratibu. "Nilitaka kushuka nikuitikie. Hatukuruhusiwa."

"Asante, mwanangu," alisema Nozuko, na sasa machozi yakaja bila kuomba ruhusa ya mtu. Mama wa kulia akampa kitambaa chake cha kichwa.

Ni hapo Ngqandu, aliyekuwa amesusa dirishani, aligeuka. "212? Hapana. Soma vizuri. 212 ni mama."

"Bibi ni 217," Yonela alisema. "Mstari wa tano chini yake. Soma."

"212 ndipo lilipo jiwe lake! Nilihesabu mwenyewe!"

"Ulihesabu kutoka getini, baba. Makaburi ya safu yanahesabiwa kutoka mtoni. Nilikuambia uchukue daftari. Ukaniambia mtoto haongozwi na daftari kwenda kwa mama yake."

Lo! Miaka minne Ngqandu alikuwa anakwenda pale kila Jumapili na suti yake, anamweleza mama yake habari za biashara, na aliyekuwa anazisikiliza ni Zanemvula Gcilishe, dereva wa trekta, mtu ambaye uhai wake wote hakuwa na subira na wafanyabiashara. Yeye ndiye aliyewashiwa taa nne kila jioni. Yeye ndiye aliyetundikwa kwenye kalenda.

Ngqandu akakaa. Alipofungua mdomo, alikuwa mtu wa kawaida kabisa. "MamBhele. Dada yangu. Kutoka 212 hadi 217 ni hatua chache tu. Wewe weka lako pale 217. Jiwe nitalisafirisha mimi, na nyama ya siku hiyo juu yangu. Hakuna atakayejua."

"Tubadilishane wazazi?"

"Mama ameshazoea pale."

"Mama yako hajafika pale hata siku moja!" Nozuko akasimama, amefura. "Bwana mkubwa, umemkosesha mama yako salamu miaka minne kwa sababu ya kiburi cha kutofungua daftari, na mimi umeniambia nikalete sahihi ya maiti. Alhamisi ya wiki ya Pasaka, saa tatu asubuhi, utakuja ung'oe jiwe lako juu ya baba yangu."

"Alfajiri, basi. Watu..."

"Saa tatu."

Na saa tatu ilikuwa. Ngcwazana nzima ilijikuta ina maua ya kupeleka makaburini asubuhi hiyo, hata waliofiwa zamani mno mpaka wakasahau walifiwa na nani. Mashine ya kunyanyulia ilinguruma, Bi Nongenile akapaa na kofia yake, akazungushwa taratibu mbele ya umma, akateremshwa hatua chache mbele. Ngqandu aliikimbilia taa moja iliyodondoka. "Aliyepotea ni nani, Tolo, mama au wewe?" mtu aliuliza kutoka nyuma, na hakuna aliyemnyamazisha.

Jumamosi basi lilifika. Mjomba Phakamile alishushwa na oksijeni yake. Walipovuta shuka na jina la ZANEMVULA likatoka juani, Nozuko aliimba, na safari hii waliitikia watu mia na ishirini, na Yonela miongoni mwao, amesimama ndani ya uzio. Mncedisi alilia kama mtoto, akaomba radhi kwa lile neno la karibukaribu, akasamehewa nusu.

Lakini nyumbani, wakati kande zinapakuliwa, mambo yakawa mengine. Watu hawakumwuliza Nozuko habari za jiwe. Walimvuta pembeni, mmoja mmoja, sahani mkononi, sauti chini. Kama mtu kampoteza mama yake mwenyewe, je, wa kwetu? Na Ngqandu alikuwa ameshanunua mwongozo mpya, hauna yai hata moja, kwa hiyo ilibidi fomu. Nozuko akamwagiza mtu ofisi ya shule kuchukua rundo la karatasi, akaweka meza kando ya masufuria, akavaa miwani. Foleni ya fomu ikawa ndefu kuliko ya nyama.

Wa mwisho alikuwa bibi kizee mfupi, mkongojo mkononi, ambaye hakuwa amealikwa. Watu walimpisha wakinong'ona, maana walimjua: Nolindile, mdogo wake Bi Nongenile, mama mdogo wa Ngqandu mwenyewe.

"Na mimi niandikie," alisema. "Miaka minne ananileta pale namlilia dada yangu, kumbe namlilia baba yako. Sasa ananionyesha pengine, eti hapa ndipo. Nimwamini vipi? Nataka nilione hilo daftari kwa macho yangu."

Nozuko akamsogezea kiti, akachukua karatasi mpya. "Dada yako aliitwa nani, mama? Jina kamili."

Bibi kizee akalitaja lote, la utotoni, la ubatizo na la ukoo wa baba yao, polepole, asije akakosea hata moja.